Dakika Kumi za Ganzi: Kupunguza Maumivu Katika Uchunguzi wa Kibofu cha Mkojo

Mhadhara uliotolewa mbele ya wahudumu wa afya, wanafunzi na wananchi. Umechapishwa karibu kama ulivyosemwa.



Nawashukuru walionialika, na nawashukuru zaidi ninyi mliokuja baada ya kuona mada kwenye tangazo. Mtu anahitaji moyo kuja kusikiliza habari za mrija wa mkojo jioni ya siku ya kazi. Waliokuja na wakwe zao nawaomba radhi mapema, maana yapo maneno leo ambayo kwa kawaida hatuyasemi mbele ya wakwe. Nitayasema kwa adabu, lakini nitayasema. Wahenga walituambia mficha uchi hazai, na hospitalini tumeona kwamba mficha uchi hatibiwi pia.

Lengo langu ni moja. Nataka kueleza jinsi tunavyoweza kupunguza maumivu anayopata mgonjwa anapochunguzwa kibofu kwa darubini, kwa kutumia dawa ya ganzi inayowekwa mahali penyewe, bila kumlaza usingizi. Hoja yangu kubwa naitamka sasa hivi, ili atakayelazimika kuwahi daladala aondoke nayo: jeli ya ganzi haifanyi kazi kwa kuwekwa, inafanya kazi kwa kungojewa. Dakika za kungoja ni sehemu ya dozi. Anayempa mgonjwa jeli akamnyima dakika hizo, amempa nusu ya tiba.

Kabla ya hoja, neno fupi kwa wasiokijua kipimo chenyewe. Mtu anakojoa damu, au mkojo unamtoka kwa shida, au picha ya ultrasaundi imeonyesha kitu kibofuni. Daktari anataka kuona kwa macho. Anapitisha kifaa chembamba chenye taa na lenzi kwenye tundu la mkojo, kinafuata mrija hadi kibofuni, kisha maji safi ya chumvi yanaingizwa ili kibofu kijae na kuta zake zionekane. Kifaa hicho kitaalamu ni sistoskopi. Wagonjwa wetu hukiita kamera, nami jioni hii sitagombana nao. Kuangalia kwenyewe huchukua dakika chache tu. Hofu yake inaweza kuchukua mwezi mzima.

Sasa nianze kuhesabu.

Hoja ya kwanza: maumivu haya yana mahali pake na sababu zake

Watu wengi hudhani kwamba kinachouma ni kibofu. Kibofu chenyewe, kikiwa hakina uvimbe wala maambukizi, husikia zaidi kujaa na hamu ya kukojoa kuliko maumivu makali. Penye kuuma ni njiani.

Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa takriban sentimita 4, na umenyooka. Wa mwanamume una takriban sentimita 20, una mpindo, na ukikaribia kibofu unapita kwenye msuli wa kubana mkojo, kisha katikati ya tezi dume. (Naona wazee wa safu ya mbele wamekunja miguu. Tulieni, hapa hakuna vifaa.) Pale kwenye msuli wa kubana ndipo wanaume wengi husema wameumia kuliko mahali pengine popote. Ni pembamba, pana neva nyingi, na ni msuli unaotii akili ya mtu. Akiogopa, anaukaza. Akiukaza, kifaa kinasukuma mahali palipofungwa. Akiumia, anaogopa zaidi na kuukaza zaidi. Ndiyo maana wagonjwa wawili wenye miili inayolingana, waliopimwa na daktari yuleyule kwa kifaa kilekile, hutoka wakisimulia habari mbili tofauti.

Sababu nyingine ni kifaa. Sistoskopi ngumu ya chuma, zile zinazotumika sana kwa watu wazima, zina unene wa kati ya milimita 6 na 7. Sistoskopi laini, inayojipinda kufuata njia, ina takriban milimita 5. Tofauti ya milimita moja au mbili si ndogo kwa njia kama hiyo, na tofauti ya kujipinda na kutojipinda ni kubwa zaidi. Kwa mwanamke, hata chuma kinaweza kupita kwa jeli peke yake bila taabu kubwa. Kwa mwanamume, chuma mara nyingi hudai ganzi ya mgongoni au nusukaputi. Hospitali zetu nyingi zina chuma tu, na hili nitalirudia.

Kuna pia maumivu ya baadaye. Siku moja au mbili baada ya kipimo mtu huweza kuhisi kuungua anapokojoa, na mkojo ukawa na rangi ya damu kidogo. Aliyeambiwa mapema hunywa maji ya kutosha na kungoja yapite. Asiyeambiwa hudhani ameharibiwa, na jirani yake atasikia hivyo kabla jua halijazama.

Hoja ya pili: darubini ilitangulia, ganzi ikafuata

Mwaka 1806, daktari Philipp Bozzini wa Frankfurt alitengeneza kifaa chenye mshumaa na vioo ili mwanga uingie mwilini na jicho lione ndani. Wakubwa wa udaktari mjini Vienna hawakukipenda, na yeye mwenyewe alifariki mwaka 1809 akiwa bado kijana. Mwaka 1853, Antonin Jean Desormeaux wa Paris alitumia taa iliyochoma mchanganyiko wa spiriti na tapentaini. Wagonjwa wa enzi hizo walikuwa na mambo mawili ya kuogopa: maumivu na moto.

Hatua kubwa ilipigwa na Maximilian Nitze. Mwaka 1879, mjini Vienna, alionyesha sistoskopi aliyoiunda pamoja na fundi wa vifaa Josef Leiter. Taa yake ilikuwa uzi wa platinamu unaowaka kwa umeme kwenye ncha ya kifaa, na ilibidi maji yapitishwe ndani yake muda wote ili mgonjwa asiungue. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kuona kibofu cha mtu aliye hai kwa uwazi wa kuridhisha, kwa sababu taa sasa ilikuwa ndani na si nje.

Miaka 5 baadaye, mwaka 1884, katika mji huohuo wa Vienna, daktari kijana Carl Koller aligundua kwamba matone ya kokeini hulifisha jicho ganzi. Taarifa yake iliposomwa mbele ya madaktari wa macho huko Heidelberg mwezi Septemba mwaka huo, haikuchukua muda madaktari wengine wakaanza kuijaribu kokeini puani, kooni, na kwenye mrija wa mkojo. Iliua maumivu. Kwa bahati mbaya, wakati mwingine iliua na mgonjwa. Utando wa mrija wa mkojo huweza kufyonza dawa upesi, hasa ukichubuka, na baadhi ya waliopewa kokeini kwa njia hiyo walipata degedege na kufa.

Alfred Einhorn, mkemia Mjerumani, akaja na prokeini mwanzoni mwa karne ya 20. Ilikuwa salama zaidi na ilifaa kwa sindano, lakini ilikuwa hafifu katika kupenya utando, kwa hiyo haikuwa jibu zuri kwa mrija wa mkojo. Jibu lilipatikana Stockholm mwaka 1943, Nils Löfgren alipotengeneza lidokeini. Msaidizi wake Bengt Lundqvist aliijaribu kwenye mwili wake mwenyewe. Ilianza kuuzwa mwaka 1948. Lidokeini inapenya utando, inafanya kazi haraka kuliko prokeini, na kwa kipimo sahihi ni salama. Ndiyo tuliyo nayo hadi leo, na kwenye makabati yetu mara nyingi imeandikwa lignokeini. Ni dawa moja. Wauguzi wapya wasije wakazihesabu mbili na kumpa mgonjwa zote.

Upande wa kifaa nao haukulala. Mwaka 1954, Harold Hopkins na Narinder Kapany wakiwa London walionyesha kwamba picha inaweza kusafiri kwenye fungu la nyuzi za kioo zinazopindika. Kutokana na kazi ya namna hiyo zikazaliwa sistoskopi laini.

Kwa nini nimewachosha na majina haya? Kwa sababu yanaonyesha kwamba maumivu yalipunguzwa kwa njia mbili zilizokwenda sambamba, ya dawa na ya kifaa. Nchi yenye fedha hununua kifaa laini na kuona imemaliza. Sisi ambao kifaa laini hakijatufikia kila mahali tuna sababu ya kuijua dawa vizuri kuliko wao.

Hoja ya tatu: dakika ni sehemu ya dozi

Neva hupeleka habari ya maumivu kwa umeme mdogo, na umeme huo hutokea pale chembe za sodiamu zinapoingia ndani ya neva kupitia vitundu maalumu. Lidokeini huziba vitundu hivyo. Lakini huviziba kwa kutokea ndani ya neva. Kwa hiyo dawa iliyo kwenye jeli ina safari: itoke kwenye jeli, ipite utando wa mrija, ifike kwenye neva, ipenye ngozi ya neva, ndipo izibe. Hakuna kiasi cha jeli kinachoweza kuifupisha safari hiyo kuwa sekunde.

Maelekezo ya watengenezaji huzungumzia kungoja dakika 5 hadi 10 kabla ya kupitisha kifaa. Madaktari wengi hutaka 10, na wapo wanaotaka 15. Sasa nendeni kliniki siku ya foleni. Jeli inatiwa, daktari anavaa glavu, kifaa kinaingia. Imepita dakika moja, au mbili zikizidi sana. Anayefanya hivyo ni sawa na mpishi anayetia maharage sufuriani na kuyapakua kabla maji hayajachemka, kisha akalaumu maharage.

Wapo wataalamu watakaonipinga, na wana haki. Watasema: tafiti zilizolinganisha jeli yenye lidokeini na jeli tupu ya kuteleza, kwa wanaume wanaopimwa kwa sistoskopi laini, hazikukubaliana. Nyingine ziliona nafuu, nyingine hazikuona tofauti ya maana. Ni kweli. Lakini tafiti hizo hazikungoja muda mmoja, hazikutumia kiasi kimoja cha jeli, wala hazikuitia kwa kasi moja. Ukichanganya aliyengoja robo saa na ambaye hakungoja, utapata jibu la katikati lisilomsaidia yeyote. Tena kwa kifaa laini maumivu huwa madogo tangu mwanzo, kwa hiyo nafuu nayo haina nafasi kubwa ya kuonekana. Mimi nasoma mabishano hayo hivi: jeli si muujiza, haiondoi kila kitu, na ikitumiwa kwa haraka haitofautiani sana na mafuta.

Nasikia swali la wauguzi kabla halijaulizwa: muda tutaupata wapi? Tuhesabu pamoja. Mna wagonjwa 8. Kila mmoja akitiwa jeli akiwa tayari kwenye kitanda cha kipimo na kungojewa dakika 10, mmepoteza dakika 80, na mkuu wa idara atawafuata. Sasa wekeni kitanda cha pili nyuma ya pazia. Wakati wa kwanza anapimwa, wa pili anatiwa jeli na kungoja. Mmepoteza dakika 10 za yule wa kwanza tu. Kinachohitajika ni kitanda, pazia na saa ya ukutani inayotembea. Sijataja mashine hata moja.

Jambo la mwisho katika hoja hii. Mrija au kibofu chenye maambukizi huwa na tindikali zaidi, na lidokeini kwenye tindikali hupenya kwa shida. Mgonjwa mwenye homa na mkojo mchafu ataumia zaidi hata kwa jeli nzuri, na zaidi ya maumivu, kumpitishia kifaa kunaweza kusambaza vijidudu kwenye damu. Mkojo upimwe kwanza, maambukizi yatibiwe, ndipo kamera ifuate.

Hoja ya nne: mkono na maneno ya mhudumu

Niruhusuni niwaonyeshe kwa karibu, maana ndipo siri ilipo.

Mgonjwa amelala chali, amefunikwa, pameachwa wazi panapohitajika tu. Muuguzi amesafisha kwa dawa. Kabla ya kuingiza ncha ya bomba la jeli, anadondosha tone moja kwenye tundu la mkojo na kusubiri kidogo. Kisha, kwa mwanamume, anashika uume wima, anaiweka ncha tunduni, na anasukuma polepole huku akihesabu kimoyomoyo. Upole huu una maana yake. Ukisukuma kwa nguvu, jeli hutanua mrija ghafla, na wapo wagonjwa waliosema kwamba kutiwa jeli kuliwauma kuliko kamera yenyewe. Akimaliza, anabana taratibu chini ya kichwa cha uume kwa kibanio laini, au anamwomba mgonjwa ashike mwenyewe, ili jeli isirudi nje. Kwa mwanamke, mililita 3 hadi 5 zinatosha, na nyingine kidogo hupakwa kwenye tundu. Kisha muuguzi anatazama saa na kuandika dakika aliyotia. Kitu kisichoandikwa hukumbukwa vibaya.

Dakika hizo 10 si za kumwacha mtu peke yake akitazama dari. Ndizo za kumweleza kitakachotokea: utasikia baridi, kisha kama unataka kukojoa, kisha kuna mahali patabana kidogo, hapo nitakwambia. Mgonjwa anayejua panapobana hashtuki akifika.

Kifaa kikifika kwenye msuli wa kubana, daktari asimame kidogo. Amwambie mgonjwa avute pumzi na kuitoa polepole, na ajaribu kukojoa. Anayejaribu kukojoa hulegeza msuli uleule tunaotaka ulegee. Wengine humwomba achezeshe vidole vya miguu, na hilo nalo husaidia kwa kuwa akili inahamia huko. Msaidizi akiuminya mfuko wa maji kwa mkono kwa sekunde hizo chache, maji hutangulia na kuufungua mrija mbele ya kifaa. Tafiti kwa wanaume wanaopimwa kwa sistoskopi laini zimeonyesha kwamba waliofanyiwa hivyo waliripoti maumivu madogo zaidi. Wanaume walioruhusiwa kutazama skrini na kuelezwa wanachokiona nao waliripoti maumivu madogo. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachonunuliwa dukani.

Yapo pia ya kuacha. Tusimhimize mgonjwa ajikaze, tunamtaka alegee. Tusimtanie mzee mbele ya wanafunzi sita aliowakuta chumbani bila kuombwa ruhusa. Tusimwambie hutasikia chochote, kwa sababu atasikia, na baada ya hapo hataamini neno letu lingine, hata lile la dawa za presha.

Hoja ya tano: ganzi ina mipaka, na mipaka iheshimiwe

Jeli tunayotumia ni ya asilimia 2. Maana yake kila mililita ina miligramu 20 za lidokeini. Bomba la mililita 10 lina miligramu 200, na mabomba mawili yana 400. Wanafunzi, hesabu hii iwe kichwani hata usingizini.

Lebo inayojulikana sana ya jeli hii huweka ukomo wa miligramu 600 kwa mtu mzima ndani ya saa 12, yaani mililita 30. Hiyo ni kwa utando mzima usiochubuka. Kwa sindano, miongozo huweka ukomo wa miligramu 3 hadi 4.5 kwa kila kilo ya uzito. Mzee aliyekonda mwenye kilo 40, kwa kipimo cha juu cha sindano, hafai kuzidi miligramu 180, ambazo ni mililita 9 tu za jeli. Mrija ukiwa mzima hufyonza kidogo, kwa hiyo hatumhesabii hivyo moja kwa moja. Lakini mrija uliojeruhiwa, uliotoka damu baada ya kulazimishwa mpira wa mkojo, unaweza kufyonza karibu kama sindano. Kwa mtu wa namna hiyo tumia busara: punguza, ngoja, au ahirisha. Mwenye ugonjwa mkubwa wa ini au wa moyo naye aangaliwe kwa jicho hilohilo.

Dalili za lidokeini kuzidi mwilini huanza kwa utaratibu: midomo na ulimi kufa ganzi, ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, kizunguzungu, maneno kukokoteka. Baadaye huja degedege na moyo kuyumba. Mgonjwa anayesema midomo yangu mizito hajadeka. Simamisha kazi, mpe oksijeni, ita msaada. Hali ikiwa mbaya, dripu ya mafuta ya asilimia 20 imo kwenye miongozo ya tiba. Tukumbuke pia kwamba baadhi ya jeli zimechanganywa na klorheksidini ya kuua vijidudu, na kuna watu ambao mwili wao huikataa kwa mshtuko mkali. Swali la mzio huulizwa kabla bomba halijafunguliwa.

Mipaka mingine ni ya kazi yenyewe. Jeli inatosha kwa kuangalia. Haitoshi kwa kukwangua uvimbe kibofuni, wala kusaga mawe makubwa, wala kwa mtoto mdogo ambaye hatuwezi kumwomba atulie. Huko kunahitaji ganzi ya mgongoni au nusukaputi, na mtaalamu wa usingizi awepo. Na mwanamume aliye kwenye hospitali yenye chuma tu, aelezwe ukweli, apewe nafasi ya kuchagua ganzi ya mgongoni, au apewe rufaa mahali penye kifaa laini. Kumpitishia chuma kwa jeli peke yake kwa sababu chumba cha upasuaji kimejaa si uamuzi wa kitabibu.

Hoja ya sita: kwetu sisi, maumivu haya ni suala la saratani

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye upungufu wa vitanda haina muda wa kujadili maumivu ya dakika tano. Nawajibu kwa kichocho.

Kichocho cha mkojo, kinacholetwa na minyoo iitwayo Schistosoma haematobium, tunakijua Unguja na Pemba, Tanga, Kwale, na sehemu nyingi za bara penye mabwawa, madimbwi na mashamba ya mpunga. Theodor Bilharz aliwaona minyoo hao Cairo mwaka 1851. Mayai yao hukwama kwenye ukuta wa kibofu, ukuta unakuwa mgumu na wenye makovu, na kwenye sistoskopi tunaona mabaka ya rangi ya mchanga. Miaka ikipita, baadhi hupata saratani ya kibofu. Wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani umewaweka minyoo hawa katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Kichocho chenyewe kwa kawaida hupimwa kwa mkojo chini ya hadubini na kutibiwa kwa prazikwanteli, kwa hiyo si kila mwenye kichocho anahitaji kamera. Lakini mtu mzima anayeendelea kukojoa damu anaihitaji, na anaihitaji mapema.

Hapo ndipo maumivu yanapoingia. Katika jamii nyingi zenye kichocho, mvulana kukojoa damu kumewahi kuchukuliwa kuwa ni kukua tu. Mtu aliyelelewa hivyo akija hospitalini ana miaka 45, ameshachelewa tayari. Akiwa kwenye benchi akakutana na mwenzake anayetoka chumbani amejishika kiunoni, atarudi nyumbani.

Na hata aliyekubali mara ya kwanza, safari haijaisha. Saratani za kibofu ambazo hazijazama kwenye msuli zina tabia ya kurudi baada ya kukwanguliwa. Kwa hiyo mgonjwa huitwa tena kupimwa kwa kamera, kwa kawaida baada ya miezi 3, kisha kwa vipindi vinavyorefuka kwa miaka. Anachokumbuka siku ya kuitwa si maelezo yetu, ni jinsi ilivyouma. Akikumbuka vibaya, atatafuta visingizio: nauli, msiba, msimu wa kupalilia. Atarudi siku mkojo umeziba kabisa kwa mabonge ya damu. Dakika 10 tulizookoa siku ile tumezilipa kwa uvimbe uliozama kwenye msuli.

Tunakoelekea

Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia kwa mambo yanayowezekana kuanzia mwezi ujao.

Kwa hospitali: wekeni kitanda cha kungojea na saa. Kwenye fomu ya kipimo iongezwe mistari mitatu: saa jeli ilipotiwa, saa kifaa kilipoingia, na alama ya maumivu aliyotaja mgonjwa kutoka 0 hadi 10. Baada ya miezi sita mtakuwa na takwimu zenu wenyewe, kutoka kwa wagonjwa wenu, na mabishano ya tafiti za mbali mtayaamua kwa daftari lenu.

Kwa vyuo: mwanafunzi wa uuguzi na wa udaktari afundishwe kutia jeli kama anavyofundishwa kutafuta mshipa, kwa kusimamiwa na kupewa alama. Na iwepo karatasi moja ya Kiswahili chepesi, anayopewa mgonjwa siku anapopangiwa tarehe, ikimwambia nini kitatokea na nini kitafuata nyumbani.

Kwa wananchi: mkipangiwa kipimo hiki, ulizeni maswali matatu bila woga. Kifaa ni laini au cha chuma? Nitapewa ganzi gani? Tutangoja dakika ngapi? Muuguzi mwema hatachukia. Na mwenye mzio wa dawa yoyote aseme kabla hajaulizwa.

Kwa wanaopanga bajeti: sistoskopi laini ni ghali, na kuitunza na kuitakasa ni ghali zaidi, lakini mgonjwa anayepimwa kwayo huondoka kwa miguu yake saa hiyohiyo, bila kitanda cha wodi na bila mtaalamu wa usingizi. Wekeni gharama hizo zote kwenye mizani moja kabla ya kusema haiwezekani.

Tukijaliwa kukutana tena hapa mwakani, sitapenda kuulizwa kama jeli ipo kabatini. Ipo hata leo. Nitapenda kila hospitali ije na daftari lake, na tuulizane: kati ya wagonjwa walioitwa kurudi baada ya miezi 3, ni wangapi waliorudi?

Maswali nayapokea, na wale wazee wa safu ya mbele waanze.